Kabla ya Kuchagua Valvu, Muulizeni Mgonjwa Anaishi Wapi

Kwa miaka saba nilikuwa muuguzi katika chumba cha wagonjwa mahututi wa upasuaji wa moyo, na kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba ninajua maana ya upasuaji uliofanikiwa. Mgonjwa aliletwa kwetu akiwa bado amelazwa usingizi, mrija wa kupumulia ukiwa mdomoni na mirija mingine ikitoka kifuani. Kesho yake alipumua mwenyewe, keshokutwa aliketi akanywa uji, na baada ya siku nane au kumi aliondoka wodini kwa miguu yake, ndugu zake wakimbebea mto na chupa ya chai. Tulimpungia mkono, na katika daftari letu aliandikwa kuwa ameruhusiwa akiwa na hali nzuri. Kisha nikahamishiwa kliniki ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, inayowahudumia watu waliokwisha kubadilishiwa valvu, yaani milango ya moyo inayopitisha damu, na huko nikaanza kukutana tena na wale niliowapungia mkono.

Mmoja wao alikuwa mwanamke wa miaka 26 kutoka kijiji kilicho ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mbali na mji wa Kigoma. Nilimkumbuka kwa sababu upasuaji wake ulikwenda vizuri mno: hakutokwa na damu nyingi, hakupata homa, na alikuwa akiwatania wagonjwa wenzake tangu siku ya tatu. Miezi kumi na minne baadaye aliletwa akiwa amepata kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa hauinuki na maneno hayatoki. Damu yake ilipopimwa, INR, yaani kipimo kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, ilikuwa 1.2, wakati mtu mwenye valvu kama yake alipaswa kuwa kati ya 2.5 na 3.5. Mama yake alinishika mkono akaniambia, "Sista, dawa hakuacha hata siku moja." Alisema kweli, kwa maana vidonge vilivyobaki nilivihesabu mwenyewe. Binti alikuwa amemeza dozi ileile aliyoandikiwa siku ya kutoka wodini, kila jioni kwa miezi kumi na minne, bila mtu yeyote kuipima damu yake, kwa sababu kila alipofika hospitali ya karibu aliambiwa kuwa kitendanishi cha kipimo hicho kimekwisha.

Tangu siku ile nimekuwa na jambo moja ninalolirudia kwa kila daktari anayenisikiliza, nalo ni kwamba njia ya upasuaji na aina ya valvu haziwezi kuchaguliwa vyema bila kujua mgonjwa anarudi kuishi wapi baada ya hapo.

Wengi wa wagonjwa wetu hawaugui kwa sababu ya mafuta, sigara wala uzee. Huugua kwa sababu ya mafindofindo ya utotoni. Bakteria aina ya streptokoka huingia kooni, mtoto hupata homa na maumivu ya kumeza, na kama hakupewa pensilini, kinga ya mwili wake, ikiwa inapambana na bakteria, huweza kuushambulia moyo wake mwenyewe. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Ikirudi mara kwa mara huacha makovu kwenye valvu, na inayoumia zaidi ni valvu ya mitrali, iliyo kati ya chumba cha juu na chumba cha chini cha upande wa kushoto. Mapazia yake mawili laini hushikana pembeni, na nyuzi zinazoyashikilia hukakamaa na kufupika, hata mlango ambao kwa kawaida una eneo la sentimita za mraba 4 hadi 6 hubaki na 1.5 au pungufu ya hapo. Damu hurudi nyuma kwenye mapafu. Mgonjwa hulala kwa mito mitatu, hukohoa usiku, na mara nyingi kwa mwanamke ugonjwa hujitokeza anapobeba mimba, kwa kuwa wakati huo damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu na mlango ule mwembamba hauwezi tena kuipitisha.

Utafiti mkubwa ulioitwa REMEDY uliwafuatilia wagonjwa 3,343 wa ugonjwa huu katika nchi 12 za Afrika, pamoja na India na Yemen. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 28, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Ndani ya miaka miwili karibu asilimia 17 walikuwa wamefariki. Ninapozisoma takwimu hizo naziona sura za watu waliokaa kwenye benchi la kliniki yetu, wengi wao wakiwa na watoto mgongoni.

Upasuaji wenyewe nimeushuhudia mara nyingi, na sijauzoea. Mgonjwa akishalazwa usingizi, ngozi hupasuliwa katikati ya kifua na mfupa wa kidari hukatwa kwa msumeno kutoka juu hadi chini. Heparini hutiwa kwa wingi ili damu isigande, na kazi haiendelei hatua nyingine hadi kipimo kithibitishe kuwa kweli haigandi. Mrija mmoja huingizwa kwenye mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini, mingine kwenye mishipa inayorudisha damu moyoni, na mashine ya moyo na mapafu huanza kazi. Mtaalamu anayeiendesha huketi kando, macho yake yakiwa kwenye kiwango cha damu ndani ya tangi, na ninathubutu kusema kwamba hakuna mtu chumbani mwenye dhamana kubwa kuliko yake kwa saa ile. Kisha daktari huubana mshipa mkuu kwa koleo na maji baridi yenye potasiamu nyingi humiminwa kwenye mishipa inayoulisha moyo. Moyo hulegea na kusimama. Mstari wa kwenye skrini unanyooka, na chumba kizima huwa kimya kwa namna ambayo sijaisikia mahali pengine.

Kuanzia hapo saa inahesabiwa, kwa sababu moyo uliobanwa haupati damu, na kila dakika inayoongezeka hulipwa baadaye wakati wa kuuamsha. Daktari hukifungua chumba cha juu cha kushoto, huondoa mabonge ya damu yaliyoganda humo ikiwa yapo, na hapo ndipo huiona valvu kwa macho. Zamani, valvu ilipobadilishwa, ilikatwa yote pamoja na nyuzi zake. Baadaye ikafahamika kwamba nyuzi hizo ni kama kamba za hema. Zikikatwa zote, chumba cha chini cha moyo hupoteza umbo lake na nguvu zake, na mgonjwa huondoka na valvu nzuri ndani ya moyo uliolegea. Kwa hiyo siku hizi daktari hujitahidi kuliacha pazia la nyuma na nyuzi zake kadiri makovu yanavyoruhusu, na tofauti yake tuliiona sisi wauguzi usiku ule ule, kwa idadi ya dawa za kuupa moyo nguvu alizohitaji mgonjwa.

Valvu ikishashonwa, hewa yote hutolewa moyoni kwa uangalifu, maana kiputo kidogo kikipanda kwenye ubongo huweza kuleta kiharusi. Koleo huachiliwa, damu yenye joto huingia, na moyo huanza kutetemeka, kisha kupiga. Protamini hutolewa ili kuiondoa nguvu ya heparini, mirija ya kutolea damu huwekwa kifuani, na mfupa wa kidari hufungwa kwa nyaya za chuma ambazo mgonjwa atabaki nazo maisha yake yote.

Kazi yetu ilianzia hapo. Kila saa tulipima damu iliyotoka kwenye mirija na kuiandika. Watu hudhani kwamba damu nyingi mrijani ndiyo hatari kubwa, na kweli ni hatari, lakini muuguzi mzoefu huogopa zaidi mrija uliokuwa ukitoa damu unaponyamaza ghafla, huku shinikizo la damu likishuka na mishipa ya shingo ikivimba. Maana yake ni kwamba damu haijakoma bali imekosa njia, na sasa inaujaa mfuko unaouzunguka moyo na kuukaba. Nimewahi kuwaita madaktari saa tisa usiku kwa ishara hiyo, na kifua kikafunguliwa upya ndani ya nusu saa. Siku zinazofuata, vita huhamia kwenye mapafu. Mgonjwa mwenye maumivu hapumui kwa kina wala hakohoi, makohozi hutulia chini na nimonia hufuata, ndiyo maana tunampa dawa ya maumivu ya kutosha na kumfundisha kuukumbatia mto kifuani anapokohoa. Aliyenyimwa dawa ya maumivu kwa kisingizio cha kuvumilia hurudishwa kwenye mashine ya kupumulia, na hilo nimeliona zaidi ya mara moja.

Si kila valvu iliyobana huhitaji kifua kufunguliwa. Mwaka 1925, huko London, daktari Henry Souttar alipitisha kidole chake ndani ya moyo uliokuwa ukipiga wa msichana mmoja na kuipanua valvu ya mitrali kwa kupapasa tu, pasipo kuona kitu. Msichana alipona, lakini wenzake hawakumletea mgonjwa mwingine, na njia hiyo ikalala hadi miaka ya mwisho ya 1940. Mashine ya moyo na mapafu, ambayo John Gibbon aliitumia kwa mafanikio huko Philadelphia mwaka 1953, ndiyo iliyowawezesha madaktari kuifungua valvu na kuitazama, na mwaka 1960 Albert Starr alifaulu kuweka valvu ya mitrali ya kutengenezwa iliyobuniwa pamoja na mhandisi Lowell Edwards, yenye mpira mdogo ndani ya kizimba cha nyaya. Lakini wazo la kidole cha Souttar halikufa. Mwaka 1982 Kanji Inoue wa Japani alipitisha puto kupitia mshipa wa paja hadi moyoni, akalijaza ndani ya valvu, na mapazia yaliyoshikana yakaachana. Mgonjwa anayefaa kwa puto, yaani yule ambaye mapazia yake bado ni laini, hayana chokaa nyingi na hayavujishi sana, hurudi nyumbani baada ya siku chache bila kovu kifuani. Kikwazo kikubwa kwetu ni kwamba wengi hufika wakiwa wamechelewa, valvu imekuwa ngumu kama gamba, na puto haliwezi tena kusaidia.

Watu huniuliza pia kuhusu valvu zinazowekwa kupitia mshipa wa paja bila upasuaji, ambazo Alain Cribier alianza kuziweka kwa binadamu huko Rouen mwaka 2002. Ni maendeleo makubwa, lakini zilibuniwa hasa kwa ajili ya wazee ambao valvu yao ya aota, iliyo kwenye mlango wa mshipa mkuu, imejaa chokaa. Msichana wa miaka 19 mwenye mitrali ya rumatiki si mgonjwa waliyemfikiria.

Kwa hiyo tunarudi kwenye mambo matatu: kuirekebisha valvu ya mgonjwa mwenyewe, kumwekea ya mnyama, au kumwekea ile ambayo wagonjwa wetu huiita ya chuma, ingawa mabamba yake mawili yanayofunguka na kufunga hutengenezwa kwa kaboni ngumu.

Hiyo ya chuma inadumu. Ikishonwa vizuri inaweza kumaliza maisha ya mtu bila kuchakaa, na kwa sababu hiyo ndiyo iliyozoeleka kuwekwa kwa vijana. Ina mlio mdogo kama wa saa, ambao mume husikia usiku chumba kikiwa kimya. Huwa nawaambia wagonjwa wauzoee mlio huo na wausikilize, kwa sababu ukififia au ukipotea, hasa pamoja na pumzi kukatika, huenda damu imeganda kwenye mabamba na wanapaswa kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki. Gharama ya kudumu kwake ni warfarini kila siku hadi mwisho wa uhai.

Ile ya mnyama haihitaji warfarini ya kudumu ikiwa mapigo ya moyo yako sawa. Kwa kawaida hutumiwa kwa miezi michache ya mwanzo tu. Lakini mwili wa kijana huichosha haraka. Chokaa hujaa, pazia hupasuka, na mtu aliyewekewa akiwa na miaka 20 huenda akahitaji upasuaji mwingine ndani ya miaka kumi hivi, pengine mapema zaidi. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, kwa sababu makovu huugandisha moyo nyuma ya mfupa wa kidari na msumeno unaweza kuupasua.

Hapa niseme jambo ambalo hupitwa haraka mno katika mazungumzo ya wodini. Valvu za wanyama hutokana ama na nguruwe, ama na utando unaouzunguka moyo wa ng'ombe. Wagonjwa wetu wengi wa mwambao ni Waislamu. Mzee mmoja aligundua asili ya valvu yake mwaka mmoja baada ya upasuaji, kijukuu chake alipomsomea kadi. Alikuja kliniki akiwa na huzuni nzito. Alikwisha kumwuliza sheikh wake, naye akamweleza kuwa dharura ina hukumu yake na kwamba hana dhambi, kwa hiyo hilo halikuwa linamsumbua tena. Kilichomuuma ni kwamba hakuna aliyemuuliza, ilhali ya ng'ombe ilikuwapo kabatini. Kumwuliza kungechukua dakika mbili.

Kuirekebisha valvu ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, nami sifichi upendeleo wangu. Mfaransa Alain Carpentier ndiye aliyeifanya kuwa fani yenye kanuni zake, ya kuichunguza kila sehemu ya valvu na kuirudishia kazi yake, kisha kuikaza kwa pete. Kwa valvu ya rumatiki kazi ni ngumu zaidi kuliko kwa ile iliyolegea kwa uzee. Daktari huyatenganisha mapazia yaliyoshikana, huyachuna ngozi nene ya kovu, huzipasua nyuzi zilizoungana, na pengine hushona kiraka cha utando wa mgonjwa mwenyewe. Halafu hujaza maji ya chumvi chumba cha chini na kutazama kama valvu inayashika. Haidumu kwa uhakika wa ile ya chuma, na wengine hurudi baada ya miaka kwa upasuaji mwingine. Lakini mgonjwa ambaye mapigo yake yako sawa huondoka bila kifungo cha warfarini, na kwa msichana anayeishi siku mbili za safari kutoka kwenye maabara, mimi huona kwamba hilo linazidi uzito wa hesabu zote nyingine.

Warfarini ni dawa yenye historia inayowatisha wagonjwa wangu. Ilitokana na ugonjwa wa ng'ombe wa Amerika Kaskazini waliokuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani yaliyoota ukungu. Karl Link na wenzake huko Wisconsin wakakipata kilichosababisha, na mwaka 1948 dawa hii ikaanza kuuzwa kama sumu ya panya kabla ya kuruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Baba mmoja aliiacha kwa wiki tatu kwa sababu mwanawe alisoma habari hiyo kwenye simu. Sikumficha ukweli. Nilimweleza kwamba kiasi kinachomuua panya na kiasi kinachomlinda yeye ni vitu viwili, na kwamba katikati yake ipo njia nyembamba ambayo hatuwezi kuipita bila kupima. INR ya mtu asiyetumia dawa ni karibu 1. Mwenye valvu ya chuma kwenye mitrali huhitaji 2.5 hadi 3.5. Chini ya hapo bonge huganda, na juu zaidi damu huvuja tumboni au kwenye ubongo.

Njia hiyo nyembamba husukumwa na mambo mengi. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K inayoidhoofisha dawa. Sisemi viachwe, kwa maana kumkataza mama wa kijijini mboga za majani ni kumkataza kula. Nasema viliwe kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, nasi turekebishe dozi kufuata chakula chake. Hata hivyo masika yakija na mboga zikajaa, naona INR za watu wa mashambani zikishuka. Metronidazoli na kotrimoksazoli, dawa za kuua vijidudu, huipandisha INR. Rifampisini ya kutibu kifua kikuu huishusha vibaya sana. Mgonjwa mmoja alikwenda zahanati akiwa na maumivu ya goti, akapewa diklofenaki bila mtu kumwuliza anatumia nini, na baada ya siku tano alifika kwetu akitapika damu. Alikuwa na kadi yake ya warfarini mfukoni, nayo haikuombwa.

Kila mwezi huulizwa kama hakuna dawa mpya isiyohitaji kupimwa. Zipo, na kwa magonjwa mengine zimesaidia sana, lakini zimejaribiwa hapa zikashindwa. Jaribio la dabigatrani kwa wenye valvu za chuma lilisimamishwa kwa sababu waliopewa dawa hiyo waliganda damu na kuvuja damu zaidi, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2013. Jaribio la INVICTUS, lililotangazwa mwaka 2022, lilipima rivaroksabani kwa wagonjwa wa rumatiki wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio ambao hawakuwa na valvu za chuma, na hata kwao dawa za kundi la warfarini ziliokoa maisha zaidi. Kwa hiyo tuko na warfarini, na pale inapowezekana tuwe na vile vifaa vidogo vya kuchoma kidole vinavyotoa jibu palepale, visivyotegemea maabara kubwa. Katika ule utafiti wa REMEDY, chini ya theluthi ya waliokuwa wakitumia dawa za kuzuia damu kuganda ndio waliokuwa na INR inayotakiwa. Yule dada wa Ziwa Tanganyika alikuwa mmoja tu wa wengi mno.

Suala la uzazi ndilo linalonikosesha usingizi zaidi. Warfarini ikimezwa kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili ya mimba huweza kuharibu pua na mifupa ya mtoto, na hatari huwa kubwa zaidi mama anapohitaji zaidi ya miligramu 5 kwa siku. Sindano za heparini hazimfikii mtoto, lakini dozi isipofuatiliwa kwa karibu valvu ya mama huganda. Hakuna njia isiyo na hatari, zipo tu njia zinazohitaji kupangwa kabla ya mimba, pamoja na mume na daktari wa wanawake. Nilikutana na binti aliyeolewa miezi minne baada ya upasuaji, tayari na mimba ya wiki kumi, ambaye hakuna aliyemtajia jambo hili kabla ya kumwekea valvu ya chuma. Aliniuliza swali moja tu, kama angeweza kumnyonyesha mtoto akizaliwa hai. Nilimjibu kwamba angeweza, kwa kuwa warfarini haimdhuru mtoto kupitia maziwa. Mimba ilitoka wiki mbili baadaye.

Duniani kote matokeo ya upasuaji wa moyo hupimwa zaidi kwa siku 30, yaani kama mgonjwa yu hai mwezi mmoja baada ya upasuaji. Kipimo hicho kina sababu yake. Huko Uingereza, baada ya vifo vya watoto waliofanyiwa upasuaji wa moyo Bristol na taarifa ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2001, ilionekana kuwa wananchi wana haki ya kujua matokeo, na hesabu za vifo zikawekwa wazi. Ninaiheshimu hatua hiyo. Lakini yule dada wa Kigoma alikuwa hai siku ya 30, na siku ya 300, na katika hesabu hiyo ni mafanikio. Ningependa hospitali zetu zihesabu pia ni wangapi wana INR inayotakiwa mwaka mmoja baadaye, na wangapi wamerudi shambani au darasani. Ningependa zaidi zijue ni wangapi hazijui walipo, maana hao ndio ninaowaogopea.

Hali ya nchi yetu si ile ya zamani. Wapo wanaokumbuka wakati ambapo njia pekee ilikuwa rufaa ya kwenda India na orodha ndefu ya kusubiri. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kwa kuwa upasuaji wa pili sasa unaweza kufanyika hapa hapa, valvu ya mnyama au ya kurekebishwa kwa kijana si tena uamuzi wa kumtupa baadaye, na ninaona jambo hilo halijaingia vya kutosha katika mawazo ya wale waliozoea kusema kwamba kijana ni chuma tu.

Mwaka jana timu ninayofanya nayo kazi ilikubali muuguzi wa kliniki ya warfarini aketi katika kikao cha kupanga upasuaji. Katika kikao changu cha pili aliletwa msichana wa miaka 17 kutoka kisiwa kidogo, pamoja na mama yake. Eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha mitrali iliyobana na kuvuja, lakini pazia la mbele bado lilikuwa likisogea. Daktari mpasuaji, mtu ninayemheshimu na ambaye kwa miaka mingi aliweka chuma kwa kila kijana, alinigeukia akaniuliza, "Sista, huko kwao INR inapimwa wapi?" Mama yake alijibu kabla yangu. Alisema kuna jahazi asubuhi kama upepo unaruhusu, kisha basi, na kwamba maabara hufungwa saa nane, hivyo hulazimika kulala mjini.

Waliamua kujaribu kuirekebisha, huku valvu ya ng'ombe ikiwa imeandaliwa mezani endapo ingeshindikana, na mama akaulizwa akakubali. Niliomba ruhusa nikasimame chumba cha upasuaji siku hiyo. Maji ya chumvi yalipojazwa, valvu iliyashika, ikavuja tone dogo pembeni. Daktari aliongeza mshono mmoja, akajaza tena, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea kumwona akitazama.

Siku ya kuondoka nilimwandikia kadi. Haikuwa na ukurasa wa INR. Ilikuwa na tarehe za sindano ya pensilini kila baada ya wiki nne, kwa sababu valvu iliyorekebishwa ikipigwa na homa ya rumatiki upya hupata makovu upya, na tarehe ya eko baada ya miezi sita. Sindano hiyo inapatikana kwenye zahanati ya kisiwani kwao. Nilipiga simu kuhakikisha kabla sijaandika. Mama aliitia kadi ndani ya mfuko wa plastiki, akaukunja mara mbili ili maji ya bahari yasiifikie.